Zako Tia Maji: Kuanza Kunyoa Ndevu kwa Wembe wa Kukunja

Msemo wa "Ukiona mwenzio anyolewa, zako tia maji" hutumiwa kumwonya mtu ajiandae kwa shari iliyokwisha kumfika jirani yake, lakini kinyozi aliyenifundisha kazi hii, mzee wa Mji wa Kale hapa Mombasa aliyekuwa na kiti kimoja tu na kioo kilichopauka pembeni, aliuchukua kama ulivyo, bila ya fumbo. Kwake yeye maji yalikuwa nusu ya kunyoa. Siku ya kwanza nilikwenda nikidhani atanitia wembe mkononi, akanipa taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, akasema, "Mwanangu, liweke usoni mpaka nikwambie." Alikunywa vikombe viwili vya kahawa kabla ya kuniambia.

Anayetaka kuanza kunyoa kwa wembe wa kukunja, yaani ule ambao bapa lake hulala ndani ya mpini wake, na ajue mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi hufanyika kabla chuma hakijagusa shavu. Mkono mwepesi huja wenyewe kwa mazoezi, ila wembe usionolewa na ndevu zisizolowa hazina mkono wa kuziponya. King C. Gillette alipoanza kuuza mashine yake ya nyembe za kutupa huko Marekani mwaka 1903, na kupewa hataza mwaka uliofuata, alichompunguzia mnyoaji hasa kilikuwa kazi ya kutunza makali. Mwenye kurudi kwenye wembe wa kukunja anaichukua tena kazi hiyo, na asiyeitaka ni heri abaki na mashine yake, kwani hakuna aibu.

Tuanze na wembe wenyewe. Unaomfaa anayeanza ni wenye upana wa 5/8 au 6/8 ya inchi, kiasi cha milimita 16 hadi 19, kwa sababu ulio mwembamba kuliko huo hujaa povu upesi na ulio mpana zaidi ni mgumu kuuongoza chini ya pua. Ncha yake iwe ya mviringo, kwa maana ncha yenye pembe kali humchoma mgeni wa kazi karibu na sikio, mahali ambapo kioo hakimwonyeshi vizuri. Solingen ya Ujerumani, Thiers ya Ufaransa na Sheffield ya Uingereza ni miji iliyojijengea jina kwa nyembe za namna hii, na zilizotengenezwa huko miaka mingi iliyopita bado hunyoa vizuri zikiwa nzima. Ukiuona wembe wa zamani unauzwa, usidanganywe na mng'aro. Uinue kwenye mwanga uyatazame makali kutoka shinani hadi nchani. Pengo hata la ukubwa wa punje ya chumvi litakukwangua ngozi. Madoa ya kutu juu ya bapa hayadhuru sana, lakini kutu iliyofika kwenye makali imekula chuma kwa ndani, na makali hayo yatameguka kila yatakaponolewa. Mgongo nao ukiwa umelika zaidi upande mmoja, ujue aliyeunoa aliubana vibaya kwenye kinoo, na kuunyosha si kazi ya mwanafunzi.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba wembe mpya kutoka kiwandani mara nyingi huwa haujawa tayari kunyoa. Muulize muuzaji kama umenolewa kwa mkono baada ya kutoka kiwandani, na akikosa jibu la wazi, uhesabu kuwa haujanolewa. Wembe butu ndio unaojeruhi zaidi, kwa kuwa hulazimisha mkono ukandamize.

Vinyozi wetu wengi wa leo hawatumii wembe wa kunoa. Hutumia mpini wa kukunja unaobana nusu ya zile nyembe nyembamba zenye makali pande mbili, na kwa kila mteja huvunja wembe mpya. Kwa duka la kinyozi huo ndio utaratibu unaofaa, kwa ajili ya usafi. Nyumbani unaweza kuanza nao pia, na ni rahisi kwa bei, lakini mimi sioni kwamba ni mwalimu mzuri: ni mwepesi mno, hauna uzito wa kuutuliza mkono, na kosa dogo ambalo wembe mzito ungelisamehe, huo haulisamehi. Atakayeuchagua na apunguze nguvu nusu ya ile anayodhani ni ndogo.

Wembe wa kunoa hauendi bila ukanda wa ngozi. Wangu wa kwanza nilikatiwa na fundi wa makubadhi, ngozi ya ng'ombe laini upande mmoja, isiyo na mkunjo wala kovu, upana wa sentimita 7 na urefu wa sentimita 50, na pete ya chuma iliyoshonewa mwisho mmoja. Niliutundika kwenye nondo ya dirisha, na hapo ndipo unapostahili kuwa: mahali imara, kimo cha kitovu, penye nafasi ya kurudi nyuma hatua moja. Ngozi ivutwe iwe imenyooka bila kulegea katikati. Bapa lilazwe kabisa, mgongo na makali vikigusa ngozi kwa pamoja, kisha wembe uvutwe mgongo ukitangulia na makali yakifuata nyuma, daima hivyo, kwenda na kurudi. Ufikapo mwisho usiunyanyue; uzungushe juu ya mgongo wake, makali yapite hewani na kulala upande wa pili, ndipo uanze safari ya kurudi.

Hapo kwenye kuzungusha ndipo nilipoharibu. Nilikwisha kumwona mzee akifanya kwa kasi, wembe ukilia ta-ta, ta-ta kama viatu vya mtu anayeshuka ngazi, nami siku ya tatu nikataka kulia kama yeye. Nikauzungusha wembe juu ya makali badala ya mgongo, ukauchana ukanda chale ya urefu wa ukucha, na makali yakapinda hata wembe ukahitaji kurudi kwenye kinoo. Chale ile ipo mpaka leo. Kwa hiyo nenda polepole sana kwa mwezi wa kwanza, ukihesabu safari 30 hadi 50 za kwenda na kurudi kabla ya kila kunyoa, wala usikandamize, kwani kinachotendeka ni kuinyosha upya ncha nyembamba kabisa ya makali iliyopinda kidogo mara ya mwisho ulipoutumia. Ukanda haunoi wembe ulioisha; huulaza sawa ulio mkali bado.

Sasa maji. Unywele wa ndevu ulio mkavu ni mgumu kukatika, lakini ukinywa maji kwa dakika mbili au tatu hulainika kwa kiasi kikubwa, na hii ndiyo hekima yote iliyomo katika taulo la moto. Wakati bora ni mara tu baada ya kuoga. Kwa Mombasa ningeongeza asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, hasa miezi ya kaskazi, kwa sababu jasho likianza kutiririka chini ya povu huliyeyusha, na wembe unaoteleza juu ya jasho hauna mwelekeo.

Tatizo letu jingine ni aina ya maji. Nyumba nyingi za mjini hutegemea maji ya kisima yenye chumvi, na sabuni katika maji hayo haitoi povu. Hugandamana kama maziwa yaliyokatika. Nilihangaika wiki nzima nikiilaumu sabuni na brashi kabla sijatambua kwamba kosa liko ndooni. Dawa yake ni rahisi, kwa kuwa povu la kunyolea halihitaji hata nusu kikombe cha maji: kinga maji ya mvua, au weka kando kidogo ya maji matamu uliyonunua kwa ajili ya kunywa. Uso unaweza kuuosha kwa maji ya kisima, ila povu lisichanganywe nayo.

Chovya brashi, ikung'ute ibaki na unyevu tu, uizungushe juu ya sabuni ya kunyolea kwa nusu dakika, kisha endelea kuizungusha ndani ya kibakuli ukiongeza maji tone kwa tone. Povu lililo tayari hung'aa kidogo na husimama bila kuchuruzika, mfano wa ute wa yai uliopigwa kwa ajili ya keki. Likiwa na mapovu makubwa makubwa lina maji mengi. Likiwa kavu na jeupe kama chokaa linahitaji maji. Sabuni ya kufulia na sabuni ya kipande ya kuogea hazifai, kwani povu lake hukauka upesi na haliutelezeshi wembe. Lipake kwa kuzungusha brashi usoni ili liingie baina ya mashina, kisha malizia kwa kulilaza.

Siku moja kabla ya kunyoa kwa mara ya kwanza, acha ndevu ziote kidogo, ukae mbele ya kioo na kupitisha vidole kila upande. Upande ambao vidole huteleza ndio ndevu zinakoelekea. Upande unaokwaruza ni kinyume chake. Mashavuni kwa kawaida huelekea chini, lakini shingoni kila mtu ana ramani yake: kuna ambao zao huota kuelekea juu, na kuna ambao chini ya taya zao ndevu hujizungusha kama kisulisuli. Ramani hiyo ikariri, kwa sababu povu likishakaa huioni tena.

Ushikaji ni huu. Ukunjue wembe mpaka mpini uinuke juu, kama herufi V iliyopanuka sana, uweke vidole vitatu juu ya shina la wembe, kidole gumba chini yake karibu na bapa, na kidole kidogo kikae kwenye mkia. Usiufumbate kama kisu cha kumenyea mhogo. Anza na shavu la upande wa mkono unaoutumia. Mkono mwingine upitishe juu ya kichwa, uvute ngozi kuelekea juu mbele ya sikio, kwani ngozi iliyolegea hujikunja mbele ya makali na hapo ndipo damu hutoka. Lilaze bapa juu ya shavu, kisha inua mgongo mpaka baina yake na ngozi ibaki nafasi ya unene wa mgongo mmoja hadi miwili. Hiyo ni pembe ya karibu nyuzi 30. Ukiinua zaidi wembe utakwangua, ukilaza zaidi utazing'oa ndevu badala ya kuzikata.

Kisha shuka. Mwendo uwe mfupi, sentimita mbili au tatu, kutoka kwenye sharafa kuelekea taya, uzito wa wembe wenyewe ukifanya kazi. Makali yaende mbele yake tu, yakifuata uso wa ngozi. Yakisogezwa kando hata kidogo, kama mtu akatavyo mkate, yatazama ndani bila maumivu na utajua tu utakapoona povu limegeuka jekundu. Na usikilize. Wembe mkali juu ya ndevu zilizolowa hutoa sauti ndogo kavu, kama ya mtu anayetembea juu ya mchanga wa pwani uliokauka. Sauti hiyo ikitoweka, ama ndevu zimekwisha mahali hapo au pembe imeharibika. Ukihisi unavutwa, simama, usiongeze nguvu.

Kwa wiki ya kwanza na ya pili sikushauri upite zaidi ya mashavu mawili. Kidevu, shingo na mdomo wa juu vimalize kwa mashine uliyoizoea, kwa maana mashavu ni uwanja ulionyooka na kidevu ni jabali. Kunyoa shavu la pili kutakulazimisha ama kuupitisha mkono wako wa kulia mbele ya uso, ama kuujaribu wa kushoto. Mzee wangu alitaka nijifunze mikono yote miwili, na ingawa nilinung'unika alikuwa na haki, kwani mkono wa kushoto, usio na mazoea mabaya, hukandamiza kidogo kuliko wa kulia. "Kinyozi hajinyoi," walisema wahenga, na sababu mojawapo ni kioo: kila unachokiona kimegeuzwa, na mkono huchukua siku kadhaa kuacha kwenda kinyume na unavyotaka. Yajaribu mapito yote kwanza kwa mgongo wa kitana.

Wembe ukikuponyoka, uache uanguke. Rudisha mikono na miguu nyuma. Chuma kilichovunjika hununuliwa kingine.

Ikifika zamu ya shingo, wengi wetu tuna jambo la kuzingatia ambalo maelezo yaliyoandikwa kwa watu wenye ndevu zilizonyooka hayaligusi. Ndevu za kipilipili zikikatwa chini ya usawa wa ngozi hujipinda na kurudi ndani, na mwili huzikabili kama mwiba. Hivyo ndivyo vipele vya ndevu, vile vinavyoacha madoa meusi chini ya taya. Wembe mmoja wa kukunja una nafuu hapo ukilinganishwa na mashine zenye nyembe tatu au tano zinazovuta unywele na kuukata chini zaidi, lakini nafuu hiyo hupotea ukitafuta ulaini wa kitoto. Kwa mwenye ndevu hizo ninashauri apite mara moja tu, kwa kufuata ndevu zinakoelekea, avute ngozi kwa kiasi cha kuinyoosha na si zaidi, asirudi kinyume kabisa, na apumzishe uso siku moja au mbili kabla ya kunyoa tena. Uso utabaki na ukwaru kidogo ukiupapasa, na hakuna atakayeuona. Vipele vikishatunga usaha, wembe uwekwe kando, ndevu ziachwe ziote, na vikidumu daktari wa ngozi aonwe. Mwenye ndevu zilizonyooka anaweza kupaka povu mara ya pili na kupita kwa kukingama, kutoka sikioni kuelekea puani, na akishakomaa ajaribu kinyume.

Wanaofuga ndevu nao wana haja na wembe huu, pengine kuliko sisi tunaonyoa zote, kwa kuwa hakuna chombo kinachochora mpaka wa shavu na shingo kwa unyoofu kama huo. Kwao tatizo ni povu kuuficha mpaka. Wapake mafuta mepesi au povu jembamba linaloonyesha kilicho chini yake.

Ukijikata, na utajikata, osha kwa maji baridi, lowesha kipande cha shabu na ukigandamize hapo kwa muda. Shabu ile ile ambayo mabibi walitumia kutuliza tope kwenye mtungi hubana mishipa midogo na kuzuia damu. Hata usipojikata, ipitishe uso mzima baada ya kunyoa: mahali inapowasha ndipo ulipokandamiza mno, na kwa mwezi mzima utakuwa na mwalimu asiyekuonea haya. Baada ya dakika moja suuza, jikaushe kwa kubonyeza taulo, na ukipenda pakaa marashi ya waridi.

Wembe wenyewe ni wako peke yako. Hauazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na vile vya Ukimwi, hupita kwenye damu isiyoonekana kwa macho. Ulionunuliwa ukiwa umetumika uoshwe kwa sabuni, ufutwe kwa spiriti, na usitumike kabla haujanolewa upya.

Adui mkubwa wa wembe katika mji huu ni hewa. Chumvi ya bahari na unyevu hufanya kazi usiku kucha, na chuma kigumu cha nyembe za zamani hushika kutu wepesi. Nimewahi kuuacha mmoja bafuni baada ya kuufuta haraka haraka, asubuhi nikaukuta na vidoa vya rangi ya chai penye makali. Ufute kutoka mgongoni kuelekea makali, usiyafute makali kwa urefu wake, upitishe ukandani safari nne au tano ili kuondoa unyevu uliobaki, uuache wazi kwa saa moja, halafu upake tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi huchacha na kunata, hivyo yabaki jikoni. Hifadhi yake ni kabatini, mbali na bafu.

Ukiutunza hivyo utapita miezi kadhaa kabla wembe haujaanza kuvuta hata baada ya ukanda, na hapo ndipo zamu ya kinoo. Usimpe mnoa visu anayepita mitaani na jiwe la kuzungusha kwa baiskeli, hata awe hodari vipi kwa visu vya nyama: jiwe lile huupasha moto chuma chembamba mpaka kikapoteza ugumu wake, na kinoo hakiwezi kuurudisha. Wembe hunolewa juu ya kinoo bapa kilicholowa, makali yakitangulia safari hii, bapa likiwa limelala kabisa. Vinoo hupewa namba, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo jiwe lilivyo laini zaidi. Kinoo cha namba 1000 ni cha kuunda makali upya na huhitajika mara chache. Cha namba 8000 ni cha kumalizia, na anayeanza akiwa nacho hicho kimoja kinamtosha kurudisha makali yaliyochoka. Kipimo ni malaika ya mkononi: wembe uliokolea huyakata ukiyapitia juu juu, bila kugusa ngozi. Mzee alipimia daima mahali pamoja, juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kushoto, na kiraka hicho cha mkono wake kilikuwa kitupu na laini kama cha mtoto mchanga.